Majeraha Madogo Nayo Yana Tiba Yake

Wahenga wetu walinena kwamba vikombe vikiwekwa pamoja havina budi kugongana. Methali hii husikika sana katika harusi na katika vikao vya kuwapatanisha watu wa nyumba moja, na kila mara hutolewa kama faraja: mmegongana kwa sababu mnaishi pamoja, basi yaacheni yapite. Lakini lipo swali moja ambalo methali yenyewe hailijibu. Kikombe kikigongwa mara moja hakivunjiki. Kikigongwa kidogo kidogo kila siku, mahali pale pale, hupata ufa mwembamba usioonekana kwa macho, na siku kitakapotiwa chai ya moto kitapasuka mikononi mwa mtu asiye na hatia. Je, ni nani wa kuutazama ufa huo mapema?

Leo, msomaji mpendwa, nataka tuyazungumzie majeraha madogo. Taifa likijeruhiwa vibaya huunda tume. Afrika Kusini iliunda Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoanza kuwasikiliza mashahidi mwaka 1996 chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Desmond Tutu. Sisi nasi, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, tulishuhudia mkataba wa kitaifa ukitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, na baadaye Tume yetu ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikakabidhi ripoti yake mwezi Mei 2013. Mtu anaweza kubishana kuhusu matunda ya tume hizo, lakini angalau zilikuwapo. Lakini ni tume gani itakayoundwa kwa sababu mwalimu mmoja alimpita mwenzake ukumbini bila kumwitikia salamu? Ni jaji gani atakayesikiliza kesi ya mama aliyepika wali wa harambee na jina lake lisitajwe wakati wa kutoa shukrani? Hakuna. Majeraha ya namna hiyo huachiwa mwenyewe ayabebe, na akithubutu kuyataja huambiwa kwamba ana moyo mdogo.

Somo langu kuhusu jambo hili sikulipata darasani, ijapokuwa wakati huo nilikuwa mwanafunzi. Nililipata katika jiko la kanisa, ugenini, nami ndiye niliyekuwa mkosaji.

Mwaka 2011 nilikuwa nikisomea shahada ya uzamifu katika mji mmoja wa chuo kikuu, katikati ya Marekani, mahali ambapo theluji huanguka kabla ya mwaka kwisha na mtu hutoka nyumbani akiwa amevaa nusu ya nguo alizo nazo. Nilikuwa nimelelewa katika Kanisa la Kianglikana hapa nyumbani. Nilipouliza Waanglikana wa mji ule walisali wapi, nilielekezwa kwenye Kanisa la Episkopali. Jina hilo lilinishangaza kidogo, kisha likanifurahisha. Asili yake ni neno la Kigiriki, episkopos, yaani mwangalizi. Na neno hilo hilo, baada ya kupitia katika Kiarabu, ndilo lililotupatia sisi "askofu". Waanglikana wa Marekani walilishika jina hilo baada ya nchi yao kujitenga na Uingereza, kwa kuwa kasisi wa taifa huru hangeweza tena kula kiapo cha utiifu kwa mfalme wa ng'ambo. Askofu wao wa kwanza, Samuel Seabury, ilimbidi asafiri hadi Aberdeen, kule Uskoti, ili awekewe mikono mwaka 1784. Kanisa lenyewe liliundwa rasmi mwaka 1789. Hata kuzaliwa kwake, basi, kulikuwa ni kazi ya kuunga uhusiano uliokatika.

Parokia niliyoingia ilikuwa ndogo. Jumapili njema tulifika watu 60 hivi, wengi wao wazee. Kasisi wetu alikuwa mwanamke, jambo ambalo kanisa hilo liliamua kuliruhusu mwaka 1976. Sikuwa nimetazamia kwamba katika nchi inayosifika kwa kila mtu kuishi kivyake ningekuta watu wanaojuana kiasi kile. Kulikuwa na orodha ya kila kitu: orodha ya watakaozoa theluji mlangoni, orodha ya watakaompelekea chakula mgonjwa, orodha ya watakaotayarisha kahawa baada ya ibada. Ibada ilipokwisha, hakuna aliyeharakisha kwenda zake. Tuliteremka ukumbini, tukanywa kahawa, tukaulizana habari za magoti na za wajukuu. Nilipofika mara ya kwanza, mzee mmoja alinivua koti langu jepesi akaniletea lake la zamani. Nilikaa nalo miaka minne.

Katika ukumbi huo palikuwa na jiko, na katika jiko hilo palikuwa na mama mmoja. Nitamwita Mama wa Jikoni, kwa kuwa jina lake ni mali yake. Alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mwembamba, asiye na maneno mengi. Waliokuwapo zamani waliniambia kwamba alikuwa amepika katika jiko lile kwa zaidi ya miaka 20: supu ya Jumamosi kwa wasio na chakula, vitafunio vya mazishi, na ule mlo mkubwa wa Sikukuu ya Shukrani, ambayo Wamarekani huiadhimisha Alhamisi ya nne ya Novemba. Kanisa letu lilikuwa likiandaa mlo wake Jumapili iliyotangulia, wakaalikwa majirani na wanafunzi wa kigeni.

Mimi nilipewa kazi ya kuchapa karatasi ya ibada iliyogawiwa kila Jumapili. Mwanaisimu mwenye kompyuta hawezi kukwepa kazi kama hiyo. Jumapili iliyofuata ule mlo niliandika tangazo la shukrani, nikaorodhesha majina ya wote waliopika: aliyeoka bata mzinga, aliyeleta viazi, waliotengeneza pai za malenge, hata kijana aliyepanga viti. Majina kumi na moja. Jina la Mama wa Jikoni halikuwamo.

Hakuna aliyenikemea. Mzee mmoja alininong'oneza tu wakati wa kahawa, nami nikashuka jikoni mbio. Nilimwambia kwa Kiingereza maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa hivi: "Samahani, jina lako lilisahaulika." Akajibu kwamba haidhuru. Nikashusha pumzi. Nikajiambia kwamba Wamarekani ni watu wepesi, hawashiki mambo.

Jumapili iliyofuata alikaa upande wa pili wa kanisa. Jumapili ya tatu hakuteremka jikoni. Kahawa ilichemshwa na mtu mwingine, ikawa chungu. Nilipokutana naye mlangoni alitabasamu kwa adabu kamili, na ile adabu ndiyo iliyonitisha. Mwenye hasira hupiga kelele. Aliyekwisha kukata tamaa nawe hukutendea kwa adabu.

Hapa sina budi kusema jambo kuhusu ibada yenyewe. Katika Kitabu cha Sala kinachotumiwa na kanisa hilo, toleo la mwaka 1979, kuna kipindi katika Ushirika Mtakatifu ambapo waumini hutakiana amani. Watu huondoka vitini, hushikana mikono, wengine hukumbatiana. Kwa kawaida kipindi hicho huja baada ya maungamo na kabla ya sadaka kupelekwa mezani. Mpango huo haukufanywa ovyo. Unafuata fundisho lililomo katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, kwamba anayekumbuka akiwa madhabahuni kuwa ndugu yake ana lalamiko dhidi yake, aiweke chini sadaka na kwenda kwanza kupatana. Zingatia, msomaji, ni nani anayetakiwa kusimama na kwenda. Fundisho hilo halimwambii aliyeumizwa aanze. Linamwambia yule anayelalamikiwa.

Desturi yenyewe ni kongwe, ya tangu Wakristo wa kale, ila haikuwamo katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 ambacho Waingereza walikisambaza katika makoloni yao. Kanisa la India Kusini, lililoundwa mwaka 1947, liliihuisha katika ibada yake ya mwaka 1950, na makanisa mengi ya Kianglikana yakafuata. Ibada ya Ushirika iliyotungwa na Waanglikana wa Kenya na kutolewa mwaka 1989 inayo pia. Katika kitabu hicho cha Marekani mna hata agizo kwamba kasisi akiona chuki baina ya waumini, azungumze na kila mmoja faraghani, na awaeleze kuwa hawatapokea ushirika mpaka wasameheane. Kwa ufupi, waliotunga ibada hiyo hawakudanganyika kwamba watu wanaosali pamoja hupendana. Walijua kwamba huumizana, wakatenga mahali pa kulishughulikia jambo hilo kila Jumapili, kama vile mwenye nyumba anavyotenga mahali pa ufagio.

Basi Jumapili hiyo ya tatu, wakati wa amani, nilivuka kati ya viti kumwendea Mama wa Jikoni. Alinipa mkono. Ulikuwa mkono tu. Aliutoa kama mtu anavyotoa nauli.

Wiki hiyo kasisi aliniita kwa chai. Hakuitaja chuki, wala hakulitaja lile agizo. Aliniuliza nilikuwa nimemwambia nini mama yule, nami nikarudia maneno yangu. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza: "Ulimweleza lililotokea, au ulimweleza ulilofanya?"

Nilikuwa mwanafunzi wa isimu wa mwaka wa tatu. Nilikuwa nimeandika makala ndefu kuhusu kauli za vitenzi vya Kiswahili. Nilijua vizuri kwamba ukisema "nimevunja kikombe" umemtaja mtenda, na ukisema "kikombe kimevunjika" umemficha, kikombe kikabaki peke yake kana kwamba kiliamua kujitupa sakafuni. Nilikuwa nimewaeleza wengine kwamba kauli ya kutendeka ni mojawapo ya hazina za lugha yetu. Lakini sikuwa nimetambua kwamba nilikuwa nimejificha ndani yake. Jina lilisahaulika! Nani alilisahau? Karatasi? Nilikuwa nimemwomba radhi mama wa watu kwa sentensi isiyokuwa na mkosaji.

Siku ya pili yake nilikwenda nyumbani kwake kwa miguu. Alinifungulia, akanikaribisha jikoni, akaendelea kukoroga sufuria. Nikamwambia: "Nilisahau kuandika jina lako. Niliandika majina ya wote, lako nikaliacha. Kosa ni langu." Sikuongeza neno. Ilikuwa vigumu ajabu kutoongeza neno. Maelezo yalikuwa yamejaa kinywani, usiku wa kuchapa, mtihani, uchovu.

Alizima moto. Akakaa. Halafu akasema jambo ambalo sikulitazamia hata kidogo: "Mwaka mzima umekula chakula changu, na hujapata kuniita kwa jina langu hata siku moja. Nilidhani hulijui. Nilipoiona ile karatasi, nikajua hulijui kweli."

Nilipigwa na butwaa, kwa kuwa alisema kweli. Sikuwa nimewahi kulitamka jina lake. Wamarekani wa parokia ile, wakubwa kwa wadogo, waliitana kwa majina ya ubatizo. Mimi nililelewa mahali ambapo mama wa umri ule haitwi hivyo. Huitwa Mama Fulani, kwa jina la mtoto wake, au Cucu, au Nyanya, na kijana atakayemwita kwa jina la ubatizo huulizwa amelelewa na nani. Lugha yao haikunipa neno la kumwita, na mdomo wangu ulikataa jina tupu. Kwa hiyo kwa mwaka mzima nilikuwa nikimkaribia, nikitabasamu, nikianza mazungumzo bila kumwita chochote. Kwangu ile ilikuwa heshima. Kwake ilikuwa ni kufutwa.

Nilimweleza. Alicheka, si sana. Kisha akaniuliza taratibu: "Na mimi hukuita vipi?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nami nilikuwa na kifundo changu. Jina langu la ukoo linaanza kwa sauti tunayoiandika ng', ile ya ng'ombe. Waingereza na Wamarekani wanayo sauti hiyo mwishoni mwa maneno yao, lakini hawaianzi nayo kamwe, na wengi huikwepa. Mama wa Jikoni alikuwa akiniita kwa jina la mwanafunzi mwingine Mwafrika aliyesali pale kabla yangu, mtu wa nchi nyingine kabisa. Nilimsahihisha mara mbili za mwanzo, kisha nikaacha. Nilijiambia haidhuru. Neno lile lile aliloniambia yeye. Sasa nilimjibu kwamba alikuwa akiniita kwa jina la mtu mwingine. Uso ulimwiva.

Msomaji, niliporudi chumbani usiku ule nilijiuliza swali ambalo sijalimaliza hadi leo. Katika watu kumi na wawili waliopika, kwa nini nilimsahau yule mmoja ambaye hakulijua jina langu? Naweza kuapa kwamba sikukusudia. Lakini siwezi kuapa kwamba vidole vyangu havikuwa na kinyongo ambacho mimi mwenyewe sikukijua.

Kabla sijaondoka jikoni mwake nilimfundisha sauti ile. Nilimwambia atamke neno la Kiingereza lenye maana ya kuimba, aishikilie ile sauti ya mwisho, kisha aanzie hapo. Alijaribu mara nyingi. Akaliandika jina langu kwenye kipande cha karatasi, akakibandika kwenye mlango wa jokofu. Nami nilimwita kwa jina lake, tupu kabisa, na masikio yangu yakawaka moto kwa aibu. Jumapili iliyofuata alirudi jikoni. Hakunikumbatia mbele za watu. Aliniashiria kwa mwiko nije kumenya viazi. Hadi naondoka Marekani mwaka 2014 hakuwahi kulitamka jina langu sawasawa, lakini kila mara alitua kidogo kabla ya kulitamka, kama mtu anayeruka mtaro, na kule kutua ndiko nilikokupenda.

Nisije nikaonekana ninauza dawa ya kuponya kila ugonjwa. Katika parokia hiyo hiyo wazee wawili walikosana kuhusu rangi ya kupakwa milango. Waliketishwa, wakashikana mikono, wakashikana tena, na mwishowe mmoja alihamia kanisa la mji wa jirani. Kila Jumapili kiti chake kilionekana kitupu, kwa kuwa katika watu 60 mtu mmoja ni pengo. Utaratibu wa amani unaweza kuufungua mlango. Hauwezi kumsukuma mtu apite.

Aidha, si kila jeraha ni dogo. Mtoto aliyepigwa au kunajisiwa, mfanyakazi aliyedhulumiwa mshahara, mke anayeumizwa nyumbani, hawa hawapelekwi kwenye kushikana mikono. Hao wana haki ya polisi, mahakama na daktari. Ni aibu kubwa, nayo imetendeka katika makanisa, misikiti na shule, kumwambia aliyedhulumiwa asamehe ili mkubwa asisumbuliwe. Ninaposema majeraha madogo nina maana ya yale ambayo kweli ni madogo, na ambayo hukua kwa sababu tu hakuna aliyeyatazama.

Sasa turudi nyumbani, katika lugha yetu na shule zetu. Kiswahili kimebarikiwa kwa msamiati wa kuponya. Kiingereza kina neno moja ambalo hutumiwa kumwambia mtu aliyejikwaa na pia mtu uliyemkanyaga. Sisi tunatenganisha: aliyejikwaa tunampa pole, uliyemkanyaga tunamwomba samahani. Wakenya wengi ughaibuni wamejikuta wakimpa pole Mmarekani kwa Kiingereza, naye akawajibu kwa mshangao kwamba kosa si lao. Tunalo pia neno radhi, lililotoka katika Kiarabu, ambalo maana yake ni kuridhika. Anayesema "niwie radhi" haombi kosa lake lifutwe kama chaki ubaoni. Anaomba mwenzake arudi kuwa mwenye kuridhika naye. Na neno ushirika, ambalo Wakristo wetu huliita meza ya Bwana, ni ndugu wa shiriki na shirika. Hushirikiani na mtu meza moja huku ukiwa umemwekea fundo.

Hata hivyo, tunayo pia maficho yetu. La kwanza ni ile kauli ya kutendeka niliyokwisha kuieleza. La pili ni "kama". Ni mara ngapi tumemsikia mtu akisimama katika sherehe ya kuaga na kutamka, "Kama kuna yeyote niliyemkosea, naomba anisamehe"? Ni maneno mazuri ya adabu, nami siyabezi. Lakini yule aliyekosewa ameketi pale, anajijua, na anajua kwamba msemaji anamjua. Kwake "kama" hiyo ni kosa la pili. Imemgeuza kuwa jambo la kudhaniwa.

Nitatoa mfano ambao wanafunzi wa vyuo vikuu wataufahamu upesi. Miaka michache baada ya kurejea nyumbani, mwanafunzi mmoja wa kike alibisha hodi ofisini mwangu. Alikuwa amefanya mtihani wa somo langu, na alama zake hazikuonekana katika orodha. Bila alama hizo asingehitimu mwaka ule. Nilitazama karatasi zangu, nikasema kile ambacho wahadhiri husema katika vyuo vyetu kila siku: "Alama zako zimepotea." Aliinamisha kichwa, akasema, "Haidhuru, Daktari."

Neno lile tena. Nililisikia kama mtu aliyeguswa begani. Mwanafunzi asiyeweza kuhitimu anamwambia mhadhiri wake kwamba haidhuru! Nilimwomba akae. Nikamwambia: "Hazikupotea. Mimi ndiye niliyezipoteza. Nitazitafuta, na nisipozipata nitaandika barua kwa idara nikieleza kwamba kosa ni langu." Alinitazama kana kwamba nilikuwa nimeanza kusema lugha ya kigeni. Karatasi ilipatikana siku ya tatu ndani ya bahasha ya darasa jingine, mahali nilipoitia kwa mkono wangu mwenyewe. Alihitimu pamoja na wenzake. Lakini nakumbuka zaidi kwamba tangu siku ile alianza kuuliza maswali darasani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Walimu wenzangu, sisi hushika majina ya watu mchana kutwa. Tunayaita katika rejista, tunayaandika kwenye ripoti, tunayasoma siku ya zawadi. Mtoto ambaye jina lake hutamkwa vibaya kwa miaka minne hatatuandikia barua ya malalamiko. Mwenzetu ambaye hatukumtaja katika shukrani za tamasha la muziki hatagoma. Ataketi tu upande wa pili wa chumba cha walimu, na kahawa itaanza kuwa chungu. Nanyi wanafunzi, mwenzenu mliyempachika jina la utani katika kidato cha kwanza huenda bado anacheka pamoja nanyi kwa sababu hana njia nyingine.

Shule nyingi huanza wiki kwa gwaride la Jumatatu: bendera, sala, matangazo, karipio. Si lazima tuige ibada ya kanisa lolote. Shule zetu zina watoto wa dini zote. Lakini kila jamii inayokaa pamoja yahitaji kipindi chake kinachojulikana, kifupi na cha kawaida, ambapo mtu anaweza kuvuka chumba na kumwendea mwenzake bila kuonekana kituko. Bila kipindi hicho, kila upatanisho huwa tukio kubwa, na watu wazima huogopa matukio makubwa. Katika shule moja yaweza kuwa dakika tano za mwisho za mkutano wa walimu siku ya Ijumaa. Katika darasa yaweza kuwa mwalimu kusimama na kusema, "Jana nilimlaumu Fulani bure. Nilikosea."

Na tukifika kwenye maneno yenyewe, tuyaseme kwa kauli ya kutenda. Anayesema "nilisahau" amejitokeza mlangoni. Anayesema "ilisahaulika" bado amejificha ndani ya nyumba. Na mwenzetu atakapotujibu kwamba haidhuru, tusishushe pumzi upesi. Tumtazame kwanza, tuone kesho ataketi wapi.